Leo Ngazi ni Zangu

Baltimore,
9 Februari 1974

Verlene,

Salamu na hongera, maana nasikia sasa wewe ni mtu wa vitabu. Shangazi yako Hattie ametangaza kanisani, ametangaza saluni kwangu, ametangaza mpaka kwenye foleni ya samaki wa kukaanga, na asiyejua mtaani kwetu basi ni kiziwi. Kitabu kizima cha mashairi, na wanaosimuliwa ni sisi! Wasichana weusi wa Baltimore Magharibi, na magoti yetu na mafuta yetu ya nywele. Nani angedhani.

Mimi nipo vilevile. Bado nanyoosha nywele za watu kwa kitana cha moto, ingawa nyinyi mlioko New York mmezifuga zenu zikawa vichaka na mnataka kutuua njaa. Mama yu mzima. Miguu inamsumbua, ulimi haujambo.

Sasa nikwambie kilichonipata Alhamisi. Alikuja Bi Lavonia Sneed na jarida lenye shairi lako, akaanza kulisoma kwa sauti, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu na kitana kinafuka moshi:

*Ngazi nyeupe, magoti meusi,*
*sugua, sugua.*
*Mama kasema zing'ae kama meno,*
*sugua, sugua.*
*Mwenye nyumba akipita asiseme kitu,*
*sugua, sugua.*
*Nikikua nitajenga nyumba ya chini kabisa,*
*niingie mlangoni kama maji.*

Saluni nzima ikapiga makofi. Mimi nilimgusa Bi Lavonia sikio na kitana, akaruka kama kuku, na mpaka leo hajanisamehe.

Verlene, hayo ni maneno ya Twyla. Dada yangu Twyla, kama umesahau jina lake, maana humo halimo. Aliyatunga pale kwenye ngazi zetu za mlangoni akiwa na miaka kumi na miwili, tukawa tunayaimba kwenye mchezo wa kuruka kamba, na kiangazi kilekile akafa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kitabu kikitoka, juu ya shairi hilo liwepo jina: Twyla Gaines. Huyu mtoto hana mahali popote alipoandikwa kwa haki. Karatasi ya polisi inasema alikuwa akicheza barabarani. Akicheza! Alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi ya chini ya nyumba yetu, brashi mkononi, na lori la soda likakosa breki likampandia palepale. Unajua, ulikuwepo. Mama amelibeba neno hilo "akicheza" miaka yote hii.

Mama hajaliona shairi. Siku atakapoliona nataka alione na jina la mwanawe juu yake.

Wako,
Dorcella

Halafu ule mstari wa mwisho, *Toka uruke, mdogo wangu, leo ngazi ni zangu*, huo sikuunukuu hapo juu maana umeuongeza wewe, na unisamehe, ndio mbovu kuliko yote. Twyla hakuwahi kuusema. Maneno yale niliyaimba kila siku ya Mungu, ningeujua.


New York,
20 Februari 1974

Dorcella mwenzangu,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Maskini Bi Lavonia! Mwambie sikio lake nitalitungia shairi.

Umeniandikia kwa upole na mimi nitakujibu kwa upole. Maneno ya kamba, dada yangu, hayana mwenyewe. Mmoja anaanza, mwingine anaongeza, mtoto wa mtaa wa pili anayasikia, anayabadilisha, anaenda nayo. Twyla alikuwa hodari kuliko sisi wote, hilo nani atabisha? Lakini huyo "mimi" wa kwenye shairi si Verlene wala si Twyla. Ni sisi sote tulioinamishwa kwenye marumaru kila Jumamosi ili mtu asije akasema weusi ni wachafu. Nimetuandika sote pamoja. Nilidhani utafurahi.

Kuhusu jina, kitabu kimeshapangwa na kurasa zimekwenda kwa mpiga chapa. Wenye kampuni hawapendi kuguswaguswa kazi ikifika hapo.

Na ule mstari wa mwisho niachie. Nakuomba uniachie.

Nitakuja huko tarehe 11 Mei, kusoma kwenye ukumbi wa kanisa letu. Shangazi Hattie ameshaagiza kaa wa kulisha jeshi. Nisalimie Mama Gaines, mwambie namkumbuka sana.

Wako daima,
Verlene


Baltimore,
2 Machi 1974

Verlene,

Eti hayana mwenyewe. Vitu vyetu sisi havinaga mwenyewe mpaka apatikane mtu wa kuvipeleka New York, hapo ndipo mwenyewe anajulikana.

Acha nikukumbushe, maana naona umaarufu umekupanda kichwani. Wewe kuruka ulikuwa hujui. Kushika kamba ndiyo kabisa! Mkono wako mmoja ulikuwa mwepesi na mwingine mzito, ukizungusha kamba mbili zinamchapa mtu usoni. Bernice, aliyekuwa kiongozi wetu wa kamba, alisema yeye haruki kamba zikiwa mikononi mwa Verlene, akakuambia ukakae. Ukakaa ngazi za ng'ambo, kiangazi kizima, na goti lako lenye kidonda, unakula barafu ya sharubati na kututazama. Kazi yako ilikuwa hiyo, kutazama. Naona imekulipa.

Mimi nilikuwa mshika kamba. Bernice alikuwa na sheria yake, mtoto mdogo anashika, haruki. Kwa hiyo maneno ya Twyla yalikuwa mikononi mwangu, unaelewa? Nilikuwa nayazungusha. Na unajua kwa nini kila baada ya *sugua, sugua* kuna kimya? Jarida limekusifu kwa kimya hicho, Bi Lavonia ametusomea, eti mshairi anajua kunyamaza. Pale Twyla alikuwa anachovya brashi kwenye ndoo. Wewe unajua hivyo na mimi najua hivyo, na uliwaacha wakusifu.

Kusugua tulikuwa tunapokezana, Jumamosi hii yeye, Jumamosi ijayo mimi. Mimi nilikuwa nalia, sabuni ile ilikuwa inanipasua mikono. Yeye hata siku moja hakunung'unika. Jumamosi ile ya lori ilikuwa zamu yake, akatoka na ndoo yake huku anaimba. Mwenzio nilikuwa kona ya pili, sikuona. Nilisikia tu.

Kwa hiyo usinifundishe nani alitunga nini. Nimeumia, Verlene. Nakwambia waziwazi ili baadaye usije ukasema hukujua. Ungeniibia mwanamume ningekucheka, wapo wengi na wengi wao hawana maana. Lakini umechukua kitu pekee alichokiacha.

Waambie hao wa kampuni wafungue kurasa zao. Jina moja, maneno mawili.

Dorcella


New York,
15 Machi 1974

Dorcella,

Haiwezekani. Si kampuni. Nilikudanganya kuhusu kampuni, wangeweza kuongeza jina hata leo.

Ni mimi ninayesema haiwezekani, na sababu siwezi kukupa. Nitukane upendavyo. Kuhusu kamba umesema kweli tupu, nilikuwa mbovu, na kutazama ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliona mengi kutoka ng'ambo ile.

Nakuomba kwa urafiki wetu, kama bado upo, Mei usije kunisikiliza. Na Mama Gaines usimlete. Kaeni nyumbani siku hiyo. Nitapita asubuhi yake kukusalimia, tunywe chai, tusitaje mashairi.

Verlene


Baltimore,
13 Mei 1974

Wewe Verlene,

Nilikuja. Ulidhani nitaogopa? Ukimwambia mtu asije, ndiyo umemwita.

Sitaki useme sikukupa nafasi. Nilikaa kimya wakati Mchungaji anakusifu. Nilikaa kimya ulipopanda na lile gauni lako la Kiafrika na vipuli kama vifuniko vya sufuria. Ulisoma shairi la mafuta ya nywele, nikacheka pamoja na watu, kwa sababu lilikuwa la kweli na linachekesha. Ulisoma la yule mwalimu mzungu aliyetukataza kutamka jina la mji kama tunavyolitamka nyumbani, na akina mama wenye kofia wakasema ehe, ehe, mwambie binti. Ukasoma la ngazi. Mama alikuwa kiti cha mbele. Nilimleta mimi, nikamvalisha mwenyewe. Nilitaka akusikie ukilisoma bila jina, kisha asikie mimi nikilitaja.

Ulipofika *leo ngazi ni zangu* nikasimama. Nikasema, Verlene Tibbs, taja jina la mwenye shairi! Ukumbi mzima ukaacha kuvunja kaa. Nikasema tena, taja! Ukaniangalia tu. Basi nikalitaja mimi. Nikawaambia yote, lori, ndoo, karatasi ya polisi. Nikawaambia Jumamosi ile ilikuwa zamu ya dada yangu na alitoka akiimba, na wimbo wenyewe ndio huo mlioupigia makofi, na huyu mwanamke ameuvaa kama alivyovaa hilo gauni. Nikakuita mwizi. Nakuita tena hapa kwa maandishi ili uwe nayo.

Ulikuwa umeshika kitabu kifuani kama mtoto wa shule. Nikasema moyoni, si ndivyo wezi walivyo, wakikamatwa hawana la kusema. Shangazi Hattie akalia. Vitabu vyako vikabaki mezani, hakuna aliyenunua, watu wakajifanya wanatafuta makoti yao.

Na Mama akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka. Kofia aliiacha kitini. Nilimkuta nusu ya njia, anatembea na miguu yake ile, nikamwambia Mama, nimelisema jina lake mbele ya kanisa zima. Akaendelea kutembea. Tangu juzi hajanijibu. Anakaa jikoni, chai inapoa mbele yake. Nikimgusa anautoa mkono wangu polepole, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa sahani.

Ona ulichomfanyia mama wa watu. Umemfufulia mtoto wake halafu ukamnyima jina. Natumaini kitabu chako kioze dukani.

Sijutii hata herufi moja.

Dorcella Gaines


New York,
19 Mei 1974

Dorcella,

Hii naituma saluni makusudi. Nyumbani Mama Gaines ndiye anayeokota barua mlangoni na mwandiko wangu anaujua. Ukimaliza kuisoma ichome.

Oktoba iliyopita, kabla ya jarida lolote kulichukua shairi, nilimpigia simu mama yako. Nilitaka ruhusa. Nilitaka kuweka jina la Twyla juu, na mwishoni mwa kitabu maneno machache ya kueleza alivyokufa, ili lile la polisi lifutwe. Nilimsomea shairi lote kwenye simu. Kisha akasema, nakupa maneno yake kama alivyoyasema: "Shairi weka, mwanangu, zuri. Jina usiweke. Watu wakiona jina wataanza kuuliza Jumamosi ile ilikuwaje, na Dorcella wangu atakaa chini akumbuke ilikuwa zamu ya nani. Ameshasahau. Mwache hivyohivyo." Akaniapisha.

Ilikuwa zamu yako.

Nilikuwa ngazi za ng'ambo, na goti langu na barafu yangu, kama unavyopenda kunikumbusha. Bernice siku hiyo alikuwa amekubali, kwa mara ya kwanza, wewe uruke kamba, usishike tu. Ulikuwa unalia mlangoni. Mama Gaines alikuwa amesimama nyuma yako na taulo begani, anasema hapana, ngazi kwanza, leo zamu ya Dorcella, kamba haziendi popote. Twyla akakunyang'anya brashi. Akamwambia mama yenu, mwache aende, atakua lini huyu? Akakupiga matakoni na ile brashi, maji yakaruka, ukacheka, ukaondoka mbio.

Akapiga magoti, akaanza kuimba. Akamaliza na mstari mpya: *Toka uruke, mdogo wangu, leo ngazi ni zangu.* Aliutunga palepale. Uliniandikia kwamba Twyla hakuwahi kuusema, kwamba ungeujua. Hukuusikia kwa sababu ulishafika kona. Tuliousikia ni mimi na mama yako, na lori lilikuwa linashuka.

Ndiyo maana mstari huo sikuweza kuutoa, Dorcella. Mengine yote tuliyaimba sote. Ule ulikuwa wake wa mwisho na hakuna mwingine aliyebaki nao.

Usidhani najisafisha. Ningeweza kuliondoa shairi lote kitabuni na hakuna ambaye angeumia. Sikuliondoa. Lilikuwa zuri kuliko yangu yote na nililitaka. Hapo hukukosea sana uliponiita ulivyoniita.

Na leo pia ningeweza kunyamaza. Kanisani niliweza, na ulikuwa umenielekezea kidole mbele ya shangazi yangu aliyenilea, mbele ya watu walionibatiza. Nilimtazama Mama Gaines pale mbele, akanitingishia kichwa kidogo tu, usiseme. Sikusema. Niliingia kwenye basi usiku uleule na vitabu vyangu ndani ya boksi. Kisha nikaipata barua yako, *sijutii hata herufi moja*, na mimi si malaika. Ulitaka kweli, chukua.

Nimevunja kiapo nilichomwapia mwanamke aliyenilisha kila Jumapili ya utoto wangu. Sasa tumelingana.

Verlene


Baltimore,
3 Juni 1974

Verlene,

Barua yako nimeipata. Nilikuwa na mteja, ikabidi nimalize kwanza kichwa chake.

Nilipoisoma nilisema mwongo huyu, anatafuta pa kujifichia. Nikapanga matusi, nikayapanga vizuri. Halafu nikiwa naosha vitana nikaikumbuka mikono yangu. Jumamosi za zamu yangu ilikuwa inapasuka kwa ile sabuni, siwezi kukunja vidole mpaka jioni. Siku ile niliingia kwenye kamba na mikono yangu laini, nimeiinua juu hivi, na Bernice anapiga kelele, tazama kitoto kinavyoruka! Niliruka vizuri, Verlene. Hilo nalo limerudi. Sikukosea hata mara moja mpaka tuliposikia ule mlio.

Nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema ilikuwa zamu yake. Mama ameketi pale ananisikiliza. Nilikuwa nimemshika bega.

Jumapili iliyopita alizungumza. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. Akaniuliza, "Yule binti wa Tibbs amekuandikia?" Nikasema hajaandika. Akamenya kimoja, akamenya cha pili. Akasema, "Hana la kuandika." Nikasema, "Atakuwa na la kuandika gani, Mama?" Hapo akaniangalia, uso mzima, akanitafuta kila mahali. Nikacheka. Sijui kicheko nilikitoa wapi. Nikamwambia viazi hivyo anavimaliza kwa kisu, tutakula maganda. Usiku huo alikula akamaliza sahani, akauliza kama kipo kingine.

Tangu siku hiyo hajambo. Anagombana na redio kama zamani.

Kwa hiyo nisikilize. Usiniandikie tena, nyumbani wala saluni. Mama usimpigie simu. Ukija kwa shangazi yako, pita mtaa wa nyuma. Bi Hattie nimemwomba radhi, nimesema nilipandwa na hasira, amelia tena na kunikumbatia, na watu mtaani wanasema Dorcella amekuja kutambua kosa lake kwa Verlene. Waache waseme. Umeshinda, sherehekea. Sitakusamehe kuniambia, na najua vizuri ni mimi niliyekulazimisha, na bado sitakusamehe. Shairi liache lilivyo. Jina usiweke.

Barua yako nimeichoma kwenye jiko la vitana. Hii ukimaliza ichome na wewe.

Jumamosi nilitoka kusugua ngazi. Mtaani tumebaki wachache tunaosugua, wengine wamepaka rangi, wengine wameziacha zikawa kijivu. Mama huweka kiti mlangoni kunitazama. Nikifika ile ya chini, ile ya Twyla, husimama, huninyang'anya brashi, hupiga magoti mwenyewe, na miguu yake ile, na miaka yote nilidhani ni ubishi wa uzee. Safari hii brashi sikuiachia. Tukaishika wote wawili. Akasema, "Nipe, Dorcella. Wewe ingia ndani." Mstari wa dada yangu ukanijia mpaka kwenye meno. Nikaumeza. Nikamwachia brashi, nikamwambia maji yamechafuka, nikachukua ndoo kwenda kubadilisha.

Dorcella